Majibu ya Nyumba ya Kumi na Saba

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tano Julai, saa tatu na nusu asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya alfajiri, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina ya miraa, hata barabara ya kwenda Muthara haikuonekana kutoka langoni. Gatakaa alikuwa amekwisha kufagia ua mara mbili na kutandika kitambaa cheupe mezani. Chai aliipika saa tatu kasoro robo, akaimimina kwenye jagi, akaiacha dirishani ipoe.

Jambo hilo la mwisho lilimuuma. Katika vilima vya Tigania mgeni hupewa chai inayofuka mvuke. Mwenye kumpa mgeni chai vuguvugu anamwambia asirudi tena. Lakini mgeni wa leo hakuwa anakuja kunywa. Alikuwa anakuja kupima.

Habari zake zilikuwa zimemtangulia. Jumapili, baada ya ibada, Jedidah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alisimulia jinsi msichana wa utafiti alivyoingia kwake na kipimajoto, akakitumbukiza kikombeni, kisha akauliza maswali ishirini na mawili. Jedidah aliyakumbuka yote. Gatakaa, ambaye ndiye katibu wa kikundi, alichukua karatasi ya matangazo ya kanisa na kuandika nyuma yake: maswali upande mmoja, majibu yanayofaa upande wa pili. Chai: isiwe ya moto. Tumbaku: hapana. Miraa: tunauza, hatuli. Chakula kukwama kooni: hapana. Karatasi ilipigwa picha kwa simu, na kabla jua halijatua ilikuwa imefika kila nyumba ya mtaa ule. Hakuna aliyeona ubaya. Gatakaa alikuwa mke wa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini, na alijua kwamba wakaguzi wanapokuja, shule hupakwa chokaa.

Msichana aliingia akiwa amelowa mabega. Jina lake lilikuwa Lydiah, umri wake miaka ishirini na sita. Alikuwa mwenyeji wa Embu na Kimeru cha Tigania alikielewa nusu tu, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili.

"Karibu, binti. Pole kwa baridi."

"Asante, mama. Mvua ya huku kwenu hainyeshi, inakaa tu."

Mwalimu Kobia, mume wa Gatakaa, alicheka kidogo. Alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake, amevaa koti na tai, ingawa alikuwa amestaafu miaka miwili iliyopita. Lydiah alitoa fomu ya ridhaa yenye kurasa nne.

"Mwalimu, utaratibu wetu ni niwasomee yote, halafu mniulize chochote."

"Mimi nisomewe?" Kobia alinyoosha mkono. "Nimewasomea watu miaka thelathini na minne. Lete."

Alivaa miwani na kusoma. Ukurasa wa kwanza na wa pili alizipitia haraka. Kwenye wa tatu alikaa. Mwishowe akasaini, akampa mkewe kalamu naye asaini. "Tumeelewa," akasema. Gatakaa alisaini palipowekwa alama, bila kusoma.

Lydiah alitumbukiza kipimajoto kikombeni. Alikitazama, akakipangusa, akakirudisha tena.

"Nyuzi hamsini na moja. Hivi ndivyo mnavyoinywa kila siku?"

"Kila siku," Gatakaa alisema. "Hapa hatupendi kuungua ulimi."

Lydiah aliandika. Maswali yakafuata moja baada ya jingine, na Gatakaa alijibu kama mtoto aliyekariri vizuri. La kumi na nne lilipofika, Lydiah aliinua macho.

"Kuna mtu humu ndani ambaye chakula kinamkwama, ama lazima akisukume kwa maji?"

Gatakaa alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama kalenda ukutani.

"Hapana," akasema Gatakaa.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Si umeshajibiwa?"

Lydiah alijumlisha alama zake, akafunga faili. "Basi mko vizuri. Nyumba ya kumi na saba haitaingia kwenye orodha."

"Bwana asifiwe," Gatakaa alisema, na mabega yake yakalegea. Kisha akauliza, kwa adabu tu, "Orodha gani?"

Lydiah alishangaa. "Ile ya ukurasa wa tatu, mama. Wenye dalili tunawapeleka hospitali ya misheni bila malipo. Kuna daktari na mashine yenye kamera ndogo. Inapitishwa kooni kuangalia ndani. Tunafunga orodha Ijumaa saa sita mchana, tunawapima waliomo, halafu mashine inahamia Siakago."

"Kwa nini koo?"

"Kwa sababu wengi wa huku wanafika hospitali wakati hata maji hayapiti. Tunashuku chai ya moto sana, tunashuku na mengine. Hatujui bado. Ndiyo maana tunauliza."

Kobia alisimama na kufungua mlango. "Binti ana mitaa mingine ya kutembelea," akamwambia mkewe. "Usimcheleweshe."


Mchana walikula githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Kobia aliitafuna hadi mahindi yakawa uji mdomoni. Alimeza, akanywa maji, akasubiri huku mkono umeshika ukingo wa meza. Kijiko cha nne kilimtoa nje. Gatakaa alimsikia nyuma ya jiko akikohoa kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu asiamshe nyumba.

Tangu Februari Gatakaa alijua, ila alikuwa hajakubali kwamba anajua. Alimwona akichovya mkate kwenye chai hata ukasambaratika. Alimwona akimtupia mbwa nyama na kusema meno yanamsumbua. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili. Mwanzoni Gatakaa aliombea meno.

Kobia aliporudi mezani, alimkuta mkewe amesogeza sahani kando.

"Ukurasa wa tatu uliusoma?"

"Niliusoma."

"Ukanyamaza."

"Nawe ukajibu hapana. Nani aliyemwandikia mtaa mzima majibu? Mimi?"

Kobia aliketi, akapangusa miwani kwa ncha ya tai.

"Kaimenyi aliitwa hospitali aangaliwe," alisema. Kaimenyi alikuwa ndugu yake mkubwa, aliyezikwa mwaka juzi. "Alikwenda kwa miguu yake. Siku walipompa jina la ugonjwa, alirudi akalala, hakuamka tena."

"Kaimenyi alikwenda wakati uji ulikuwa haupiti."

"Mama Kajuju," alimwita mkewe kwa jina la binti yao, "nisikilize. Mtaa huu umejaa watu niliowachapa wakiwa watoto kwa sababu ya uongo. Nimesaini. Sasa nirudi kwa msichana aliyezaliwa jana nimwambie mwalimu alidanganya?"

"Kwani yeye atakuchapa?"

"Afadhali angenichapa." Alisimama. "Neno hilo limekwisha. Usinidhalilishe."


Jumatano Gatakaa alipanda hadi mwisho wa shamba, mahali simu inaposhika vizuri, akampigia binti yake. Kajuju alikuwa karani katika afisi moja mjini Embu na aliishi mtaa wa Majimbo. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mama, hebu nipe Baba."

"Hajui nimekupigia."

"Nipe tu."

Gatakaa alishuka na simu mkononi. Kobia aliipokea kama mtu anayepewa barua ya serikali.

"Baba, wewe mwenyewe ulitufundisha, mficha maradhi..."

"Usinitolee methali za insha, Kajuju. Nilizisahihisha mpaka nikazichoka. Wewe habari ya kazi?"

Alizungumza naye kuhusu kazi dakika mbili, akakata simu. Jioni Kajuju aliandika ujumbe kwa mama yake peke yake. Alikuwa ameuliza Embu. Kliniki ya kibinafsi ilitaka karibu mshahara wake wa mwezi mzima kwa kamera peke yake. Kwingine kulikuwa na foleni, na nafasi ya karibu ilikuwa ya Novemba. Ujumbe uliishia hivi: *Mama hiyo ya Ijumaa usiiache. Aki usiiache.*

Gatakaa aliusoma mara tatu. Alihesabu miezi kwa vidole, Julai hadi Novemba, kisha akahesabu matundu ya mshipi.


Alhamisi alimtumia Jedidah ujumbe kuomba nambari ya Lydiah. Jedidah hakujibu ujumbe. Alikuja mwenyewe, mwavuli mkononi, akakataa kuketi.

"Ya nini nambari?"

"Nataka kurekebisha jibu moja."

"Moja?" Jedidah aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Dada, ukivuta uzi mmoja sweta nzima inafumuka. Yule msichana ataanza kujiuliza. Atarudi kwangu, kwa Mama Gikunda, kwa kila mtu. Tutaonekana namna gani? Chifu alitutangaza kwenye baraza kwamba sisi ndio mtaa wa kupigiwa mfano."

"Mwalimu anaumwa."

"Pole. Tutamwombea. Lakini ile karatasi ina mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Basi ukienda kusema, sema yako. Jina langu usilitie mdomoni." Alifungua mwavuli akiwa bado ndani ya nyumba. "Na wewe ndiye uliyetuambia tusiwe na wasiwasi, kwamba ni kama kupita mtihani. Tukakuamini, mke wa mwalimu."

Alipoondoka Gatakaa alibaki amesimama. Maneno yale yalikuwa na haki ndani yake, na hilo ndilo lililomchoma.


Ijumaa saa nne asubuhi, Gatakaa alimwambia mumewe anakwenda kununua chumvi. Alikwenda afisi ya chifu. Lydiah alikuwa ameketi kwenye kibaraza na meza ndogo, na mbele yake kulikuwa na watu kama kumi na watano wakisubiri kupewa tarehe za hospitali. Wawili walikuwa majirani. Gatakaa alitaka kumnong'oneza, lakini bati lilikuwa linapigwa na mvua na ilibidi apaze sauti.

"Binti, Jumanne nilikudanganya. Chakula kinamkwama mume wangu."

Foleni nzima iligeuka. Lydiah aliweka kalamu chini.

"Kwa nini, mama?"

"Nilidhani mnatukagua. Nilitaka tupite."

"Na chai?"

"Niliipoza makusudi kabla hujafika."

Lydiah alifungua faili na kutembeza kidole kwenye safu ya tarakimu. "Nyumba nne za kwanza, nyuzi sabini na kitu. Kuanzia ya tano mpaka yenu, hamsini, hamsini na mbili, hamsini na moja. Nilidhani kipimajoto changu kimeharibika. Nilikwenda hadi Meru mjini kununua kingine, kwa pesa yangu." Alimtazama. "Hawa wote waliipoza?"

Gatakaa aliona jirani mmoja akigeuza uso. Alikumbuka alivyoambiwa aseme yake tu.

"Majibu niliyaandika mimi," akasema. "Kwa mkono wangu, nikayasambaza. Usiwalaumu. Wao walinakili."

Lydiah alitazama kazi ya nyumba kumi na tatu ambayo haikufaa tena. Kisha alivuta fomu ya nyumba ya kumi na saba, na Gatakaa akavuta pumzi.

"Mama, siwezi kumwandika."

"Nimekuomba msamaha, binti. Mbele ya watu."

"Sijakasirika. Ama nimekasirika, lakini si hiyo sababu. Mwalimu ni mtu mzima. Koo ni lake na ridhaa ni yake. Wewe huwezi kumsemea. Lazima aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, asaini."

"Hatakuja."

"Sasa ni saa tano kasoro dakika ishirini. Saa sita natuma orodha." Lydiah alisita. "Mama, nenda umjaribu."


Kobia alikuwa sebuleni na gazeti la juzi. Gatakaa hakuvua viatu vyake vya matope. Alikwenda jikoni, akachukua nusu ya kiazi kitamu kilichobaki asubuhi, cheupe, kikavu, kimepoa. Alikiweka kwenye sahani, akaiweka sahani mbele ya mumewe. Kikombe hakuleta.

"Nini hii?"

"Kula. Ukikimaliza bila maji, sitataja koo lako tena mpaka mmoja wetu afe."

"Chumvi iko wapi?"

"Sikwenda kununua chumvi."

Kobia alikunja gazeti taratibu. Alikuwa ameelewa. "Umeniuza kwa watu."

"Nimejiuza mimi. Wewe bado hujaguswa. Kula, Mwalimu."

"Unanipa mtihani, Gatakaa?"

"Ndiyo. Una swali moja."

Angeweza kusukuma sahani. Angeweza kutoka. Lakini katika maisha yake yote Kobia hakuwahi kuikimbia karatasi iliyowekwa mbele yake, na mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimega kipande kama ncha ya kidole gumba. Alitafuna. Alitafuna muda mrefu, macho kwenye kalenda, na mvua ikapungua juu ya bati hata ikasikika saa ya ukutani. Alimeza.

Kilishuka kidogo, kikasimama. Gatakaa aliona kinaposimama. Kobia alishika mikono ya kiti, shingo ikakakamaa, machozi yakajaa bila yeye kulia. Alijaribu kumeza mate juu yake, mate yakarudi. Gatakaa alikuwa amekunja leso yake kwa mikono miwili na kuikaza hata vidole vikauma. Hakusogea. Kama angesogea angemletea maji.

Kobia aliinuka akatoka nje. Alikaa huko. Aliporudi alikuwa amefuta mdomo na nywele zake zilikuwa na matone.

"Saa ngapi?"

"Saa tano na dakika ishirini na tano."

"Koti langu la mvua liko wapi?"


Walipanda pikipiki moja, watatu pamoja na mwendeshaji, wakafika saa sita kasoro dakika nane. Foleni ilikuwa imepungua. Jedidah alikuwa amesimama karibu na mlango wa chifu, maana habari huko hazihitaji pikipiki. Mwanamume mmoja wa makamo alivua kofia.

"Mwalimu, pita mbele."

"Hapana. Mimi ndiye nimechelewa."

Gatakaa alimsukuma mgongoni kwa kiganja. "Pita."

Kobia alisimama mbele ya meza ndogo, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama gwarideni.

"Jumanne nilisaini kwamba nimeelewa," alisema. "Nilielewa. Jibu la swali la kumi na nne halikuwa la kweli. Chakula kinanikwama."

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu Aprili."

"Februari," akasema Gatakaa.

Lydiah alimtazama Kobia na kungoja.

"Februari," akasema Kobia.

"Maji?"

"Maji yanapita. Uji unapita. Vingine ni vita."

Hakuna aliyecheka. Kobia alisaini. Lydiah aliandika jina la ishirini na tisa, akapiga mstari chini yake, akaituma orodha saa sita kasoro dakika mbili. Walipokuwa wanaondoka, walipita mbele ya Jedidah. Gatakaa alimsalimu. Jedidah aliangalia mvua.


Jumatatu, hospitali ya misheni, Daktari Gachoki alipitisha kamera kwa dakika kumi na moja. Gatakaa alikuwa kwenye benchi la nje, akihesabu vigae vya sakafu na kupoteza hesabu. Baadaye waliitwa wote wawili. Daktari alichora koo kwenye karatasi kwa mistari miwili na kuweka alama katikati.

"Nimeona kidonda hapa. Nimetoa vipande vitatu vidogo vikapimwe. Majibu ni baada ya siku kumi na nne."

"Ni kile kilichomuua ndugu yangu?" Kobia aliuliza. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mrija.

"Sitasema kabla sijajua, Mwalimu. Ninachojua leo ni kwamba kamera ilipita mpaka tumboni. Kwa wengi ninaowaona, haipiti."

"Na nikikaa nyumbani siku hizo kumi na nne, nifanye nini?"

"Ule unachoweza. Waongopee majirani ukitaka, lakini sisi hapa usituongopee tena."

Kobia aliinamisha kichwa. Gatakaa aliomba ile karatasi yenye mchoro, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Baada ya hapo kila mmoja alifanya lake. Lydiah alirudia nyumba zote kumi na tatu bila kutangaza siku ya kufika. Watu wanne walisema chakula kinawakwama, na kwa ajili yao mashine ilichelewa kwenda Siakago kwa siku mbili. Jedidah alimpeleka mama mkwe wake wa nyumba ya tisa, aliyekuwa mmoja wa wale wanne, na hakuzungumza na Gatakaa kwa Jumapili tatu. Chifu hakutaja tena mtaa wa kupigiwa mfano. Kajuju aliomba likizo ya wiki mbili na kununua kitanda cha pili, ili wazazi wake wapate pa kulala Embu wakati wa matibabu. Gatakaa aliandika barua ya kujiuzulu ukatibu, akaeleza sababu, akaisoma mwenyewe mbele ya akina mama, akaketi. Daktari Gachoki aliwaita tarehe nne Agosti, akawaambia ni saratani; picha zilizopigwa wiki iliyofuata zilionyesha kwamba ilikuwa haijasambaa. Kobia aliuliza matibabu yanachukua miezi mingapi. Alianza Alhamisi, tarehe ishirini na moja Agosti, saa mbili asubuhi, na Gatakaa alimshikia koti.